Chembe mbili ndani ya sindano ya malaria

Mtoto wa kata ya Titye, wilayani Kasulu, akipelekwa kliniki kwa sindano ya kwanza ya chanjo ya Penta, anaingiziwa chembechembe zenye upana wa nanomita 20 hivi. Ni protini ya gamba la kirusi cha homa ya ini B, iliyozalishwa na hamira. Protini hizo hujikusanya zenyewe na kuwa tufe linalofanana na kirusi, ila ndani hamna cha kuambukiza. Penta imetumika Tanzania tangu 2009. R21, chanjo ya malaria inayosimuliwa kama muujiza, imejengwa juu ya tufe hilo hilo.

Mbu anapouma huacha ngozini vimelea vichache viitwavyo sporozoiti, navyo hukimbilia ini. Vikishaingia kwenye seli za ini, kingamwili hazivipati tena, kwa hiyo lazima ziwe zimejaa damuni kabla mbu hajatua. Gamba la sporozoiti lina protini yenye kipande kinachojirudia mara nyingi, na hapo ndipo pa kukishikia kimelea. Lakini kipande hicho kikidungwa peke yake, mwili haushtuki vya kutosha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakakiunganisha na protini ya homa ya ini B katika jeni moja, wakaiachia hamira izalishe. Tufe likijikusanya, vipande vya malaria hujipanga nje kama punje kwenye gunzi. RTS,S, chanjo iliyotangulia na iliyojaribiwa pia Korogwe na Bagamoyo, ilitumia ujanja huo huo, ila takriban protini moja kati ya tano ndiyo iliyobeba kipande cha malaria. Gunzi lilikuwa na mapengo. Mpangilio huu una maana kwa sababu seli za kutengeneza kingamwili huamka vizuri zaidi zikiguswa sehemu nyingi kwa mpigo. Udogo nao unasaidia: tufe hupenya mishipa ya limfu na kufika kwenye tezi, ambako seli hizo hukaa.

Chembe ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Inaitwa Matrix-M, ina nanomita 40 hivi, na kiungo chake kikuu ni saponini ya magome ya Quillaja saponaria, mti wa Chile. Saponini ikiwa huru hupasua seli za damu. Ikifungamanishwa na kolesteroli na fosfolipidi, ukali hupungua na uwezo wa kuamsha kinga hubaki. Huko Nanoro, Burkina Faso, watoto walipewa kiasi kile kile cha R21, mikrogramu 5, lakini Matrix-M ikatofautiana. Mwaka mmoja baada ya dozi ya nyongeza, waliopata mikrogramu 25 walikuwa na kinga ya asilimia 71, na waliopata 50 asilimia 80.

Jaribio kubwa likafuata kwa watoto zaidi ya 4,800 katika nchi nne, vituo vya Bagamoyo na Kilifi vikiwemo. Kwenye malaria ya mwaka mzima, kinga ya miezi 12 ilikuwa asilimia 68. Kwenye malaria ya msimu, 75. WHO iliipendekeza Oktoba 2023.

Kwa nyanda za juu za Kigoma, mkoa ambao utafiti wa 2017 uliukuta na maambukizi asilimia 24 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, jambo la kutazama ni jokofu. Chembe za mafuta za chanjo ya Pfizer ya UVIKO-19 zilihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. R21 inatosheka na nyuzi 2 hadi 8, sawa na Penta.

Udhaifu uko kwenye muda. Kingamwili hushuka, ndiyo maana kuna dozi ya nne, kama mwaka mmoja baada ya ya tatu, wakati mama wengi wameshamalizana na kliniki. Anayepanga ratiba aifungamanishe na surua-rubella ya pili, mwezi wa 18, na chandarua kisiondoke kitandani.