Hataza si kufuli



Juma lililopita nilialikwa kusikiliza somo la wanafunzi wa sekondari, wengi wao finalisti. Kichwa chake: uvumbuzi katika tiba ya anga na hataza, ile tunaita breve. Mwalimu alijitayarisha vizuri na ninamheshimu. Lakini nilitoka na uchungu, njo maana ninaandika.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Alieleza kwamba kule angani mifupa ya nyonga ya mwanaanga hupungua kwa asilimia 1 hadi 1.5 hivi kila mwezi, juu haibebi tena uzito wa mwili. Kisha akaleta kisa cha David Saucier, mhandisi wa NASA aliyepandikizwa moyo mwaka 1984 na timu ya daktari Michael DeBakey kule Houston. Alipopona, yeye na wenzake wakaanza kutafuta pampu ndogo ya kusaidia moyo mgonjwa. Pampu ilikuwa inaharibu chembe za damu. Basi wakatumia kompyuta zilezile za kuchunguza namna mafuta yanavyopita ndani ya injini za chombo cha anga. Hataza ikatolewa 1996, kampuni ya MicroMed ikapata leseni, na 1998 mgonjwa wa kwanza akawekewa pampu.

Darasa zima kimya. Halafu mwalimu akafunga: «Kwa hiyo ukiwa na wazo, lifiche. Hataza ni kufuli.»

Kijana mmoja wa nyuma, mwenye mchoro wa kifaa cha kuonya serumu ya mgonjwa ikikaribia kuisha, akauliza: «Nikificha, nani atanisaidia kukitengeneza?» Kengele ikalia. Akafunga daftari lake.

Hapo njo somo lilianguka. Hataza ni mapatano: mvumbuzi anaandika wazi, pamoja na michoro, namna kitu chake kinavyofanya kazi, serikali nayo inamlinda kwa muda, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya kuomba. Ni kweli, usitangaze wazo kabla ya kuomba, maana linaweza kuhesabiwa si jipya tena. Lakini kuishia pale ni kufundisha woga. Tena hataza inalinda katika nchi ilipotolewa tu, na muda ukiisha, elimu ile ni ya kila mtu. Ile ya 1996 imekwisha muda. Wanafunzi wangeweza kuisoma kwa simu, bure, wakaona mchoro wenyewe.

Na kwetu? Tuna sheria ya tarehe 7 Januari 1982 juu ya mali ya viwanda, na maombi yanapokelewa Wizara ya Viwanda, Kinshasa. Hilo halikutajwa hata mara moja. Watoto walijua Houston, hawakujua mlango wa kwao.

Siwezi kumlaumu mwalimu peke yake. Sisi wenye diploma, ni wangapi tumewahi kufungua hataza moja tukaisoma? Mimi nitarudi kumtafuta yule kijana. Nani ananisindikiza?