Mshono Unaojificha

Katika ushonaji wa vikaragosi vya kitambaa, yaani wanasesere wanaovaliwa mkononi na kuchezeshwa mbele ya watazamaji, sindano ya mkono huipita cherehani kwa sababu ambayo wasifiaji wa kazi za mikono huisahau, nayo ni kwamba mshono wake hukiacha kitambaa kiende. Cherehani hukaza uzi kwa kipimo kile kile toka mwanzo hadi mwisho, ilhali fundi wa mkono hulegeza penye mkunjo na kukaza penye mzigo.

Penye mzigo, yaani shingoni na pembeni mwa mdomo, hutumika mshono wa kurudia, ambao kila hatua yake hurudi hadi ilipokomea hatua iliyotangulia, hivyo uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote haufumuki upesi kama bandi. Usoni hutakiwa mshono fiche: kingo mbili hukunjwa kwa ndani, sindano hupita ndani ya mkunjo mmoja, huvuka moja kwa moja hadi wa pili, na baada ya mivuko michache uzi huvutwa hadi kingo zikutane na kuumeza. Kuvuta huko ndiko kunakomtofautisha fundi na mwanafunzi, kwa kuwa uzi ukizidi kukazwa shavu hukunjamana, na ukilegea pengo hubaki wazi.

Nyanda za juu za Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, zina mfano mkongwe wa kushona kwa ajili ya mwendo, nao ni sketi za ngozi zilizotiwa shanga, ambazo wasichana wa Kiiraqw walizivaa walipotoka katika marmo, yaani unyago wao, uliokomeshwa zama za ukoloni. Kwa kawaida ngozi hutobolewa kwanza kwa maharazi ndipo uzi upite, na uzi wa kano, unaolainika ukiloweshwa, hubana unapokauka. Juu ya hayo, shanga zina uzito, na mshonaji hana budi kuupima ili pindo liyumbe bila kuchanika. Kwa majirani zao Wabarbaig wa Hanang, sketi ya mwanamke aliyeolewa ina michirizi ya ngozi inayoning'inia na kucheza kwa kila hatua. Makumbusho huzitandaza sketi za namna hii nyuma ya kioo, zikaonekana nakshi na isionekane kazi ya mshono.

Kikaragosi nacho hakihitaji kitambaa cha fahari. Mwaka 1955, Mmarekani Jim Henson alikitengeneza kikaragosi chake Kermit kwa koti kuukuu la mama yake, na macho ya kikaragosi hicho yakawa nusu mbili za mpira wa tenisi ya mezani. Koti zito la mtumba, vazi lisilo geni kwenye baridi ya Mbulu, linafaa vivyo hivyo, hasa likiwa na manyoya mafupi, maana fundi huyachokoa kwa ncha ya sindano hadi yaufunike uzi. Macho hushonwa mwisho, baada ya mkono kuingizwa na mdomo kufunguliwa mara kadhaa, kwani uso unapovutwa na taya ndipo hujulikana kikaragosi kitatazama wapi.