Kocha Baada ya Filimbi ya Mwisho

Kocha wa timu ya shule hutajwa sana timu ikifungwa. Kakamega imejaribu kukataa tabia hiyo: wapenzi wa soka wa siku nyingi hulitaja jina la Chris Makokha, mwalimu aliyeinoa Green Commandos ya Kakamega High, kama wanavyotaja majina ya wafungaji.

Shule hiyo ilianza 1932 na vikombe vyake vinajulikana, kwa hivyo nitaviacha. Ninayempongeza ni mwalimu-kocha wa kaunti ya Kakamega akishatoka uwanjani. Asubuhi yuko na chaki, jioni na filimbi, na katikati yuko kwa mhasibu, akimwombea kijana asirudishwe nyumbani kwa sababu ya karo. Winga amefika na njumu zilizoachama. Kesho yake anakuta jozi nyingine chini ya kitanda bwenini, kuukuu lakini zimeshonwa na kupigwa brashi. Paredi haitangaziwi lolote, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Aliyekosa penalti hukalishwa kando ya kocha kwenye basi, wakazungumza hesabu, mama, ng'ombe, chochote isipokuwa penalti. Na mfungaji hodari aliyetoroka prepu? Atakalia benchi hata kama ni mechi dhidi ya shule ya Musingu, mashabiki wapige kelele wapendavyo.

Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) humlipa kwa kazi ya darasani. Hizo njumu zilitoka mfukoni mwake. Hongera, Mwalimu.