Barua ya staji isiyo na mwenyewe

Wandugu na wadada wa asosiasio, leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tusome pamoja barua moja. Kila mmoja wenu anaijua, wengi wenu mumeisha kuiandika, na mimi nimeisha kuitosha kwenye imprimante mara ambazo siwezi kuhesabu.

Kwa wenye hawanijui: nilimaliza lisansi ya agronomia, na kwa kungoja kazi ya kilimo nashika kameza kenye ordinateri na imprimante hapa Lubumbashi, si mbali na korti. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa sheria na wale wenye wamemaliza, wanaotafuta staji kwa mawakili. Wananiletea jina la kabine na jina la patro, halafu wananiambia: "Yaya, weka tu ile ya kawaida." Ile ya kawaida iko ndani ya ordinateri yangu, katika dosie yenye jina STAJI. Nafungua, nabadilisha majina na tarehe, natosha karatasi. Faranga 500. Dakika tatu.

Kuko watakaosema barua kama hii si kitu cha kuchambua, kwamba watu wanachambua riwaya, wimbo ao mchezo wa kuigiza. Mimi sioni vile. Hakuna maandishi mengine ambayo kijana mwenye diploma kwetu anayarudilia mara nyingi hivi, na yenye maisha yake yanategemea hivi. Basi tuisome sentensi kwa sentensi, namna wanavyosoma kitabu.

Inaandikwa kwa Kifaransa, hapa naifasiri. Sentensi ya kwanza inasema: nina heshima kubwa ya kuja mbele ya «haute personnalité» yenu, ndiyo kusema mbele ya ukubwa wenu, kuomba yale yaliyoandikwa hapo juu. Msitari umejaa, na bado hatujui nani anayeandika. Tunajua tu kama anayeandikiwa ni mkubwa. Yeye alishajua hilo mbele ya kufungua bahasha.

Sentensi ya pili inasifu kabine: inajulikana ndani na nje ya nchi kwa kazi yake bora. Mwandishi hajaingia humo ata siku moja. Sifa hiyo hiyo niliitosha asubuhi kwa ajili ya kabine ingine, na kesho nitaitosha kwa ajili ya ya tatu.

Sentensi ya tatu njo mwandishi anajitokeza mwenyewe: mimi ni mwenye bidii, mwenye nidhamu, niko tayari kwa kazi yoyote mutakayonipa. Hapa agronomu ndani yangu anaamka. Muuza mbegu akiniambia mbegu yake ni nzuri na inafaa udongo wowote, siinunui. Namuuliza: inakomaa kwa siku ngapi? Mahindi ya siku 90 si sawa na ya siku 120, na mwenye kuyachanganya anaweza kukosa mavuno kama mvua inakatika mapema. Inapenda udongo gani? Inavumilia ugonjwa gani? Mbegu ya kila udongo haiko. Na mwanasheria wa kazi yoyote haiko pia. Kuko mwenye alipenda sheria ya familia, kuko mwenye anasoma mambo ya OHADA mupaka usiku, kuko mwenye moyo wake uko kwa watu wenye wamefungwa bila dosie. Barua inawavalisha wote nguo moja.

Sentensi ya mwisho inangoja jibu la kufaa na kurudisha heshima. Tumefika tulipoanzia.

Msinielewe vibaya, sipingi heshima. Kwetu ukiingia kwa mzee, unasalimu, unauliza habari ya nyumba, unapewa kiti. Halafu mzee anasema: "Haya, ni nini imekuleta?" Hapo unasema. Barua yetu inasalimu, inasalimu tena, halafu inaaga. Mzee amebaki na kiti mkononi.

Sasa niseme kosa langu, juu sitaki muone kama nawacheka wengine nikiwa pembeni.

Mwaka uliopita dada mmoja alikuja na majina ya kabine mbili. Nilipiga ya kwanza, kisha nikageuza kuwa ya pili. Nilibadilisha adresi pale juu, nikasahau jina la Maître ndani ya paragrafu ya pili. Alienda nayo. Yule Maître wa pili aliisoma kwa sauti mbele ya sekretere na wateja waliokuwa wanangoja, akafika kwenye jina la mwenzake, akamrudishia karatasi bila neno. Dada alirudi kwangu, akaweka karatasi juu ya meza, akanionyesha na kidole: "Yaya, hapa ni jina ya muntu mwingine." Nilimtolea faranga zake 500. Aliziacha palepale akaenda.

Kosa ni langu, na bado linaniuma. Lakini jioni nilipoisoma tena ile karatasi, niliona kitu kibaya zaidi. Mbali na lile jina, hakukuwa kosa lingine. Barua ilifaa kabine ya kwanza na ya pili sawasawa. Na kama ningetosha jina la dada, ningeweka la mtu mwingine, hakuna neno moja lingekataa. Ilikuwa barua isiyo na mwenyewe. Mimi nilikosea jina moja tu, lakini barua yenyewe ilikuwa imeisha kuwasahau wote wawili.

Pengine mutaniuliza: karatasi moja, kwa nini kelele yote hii? Kwa sababu kwa wanasheria mlango huu ni mwembamba kuliko wetu. Ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, yenye inapanga baro, inadai staji ya miaka 2 mbele mtu aandikwe kwenye tablo ya mawakili, na staji hiyo inafanyika chini ya wakili mkubwa. Mtu amesoma miaka 5 ya sistemi ya zamani, graduva 3 na lisansi 2, amelipa minervale, ametetea memoare yake. Akikosa patro, haapishwi, havai toga, diploma inalala ndani ya sanduku. Agronomu akikosa kazi anaweza kukodi shamba na kulima. Mwanasheria bila patro hawezi kwenda kusimama kortini peke yake.

Najua jibu lenu, juu nalisikia kila siku pa meza yangu: "Yaya, ata uandike muzuri, hawasomi. Unaitaji muntu ndani." Silikatai jibu hili. Nimeona barua zikifungia mandazi. Nimeona mwenye kuandika vibaya anaingia kwa sababu baba mdogo alipiga simu. Kama barua haisomwi, kujichosha nayo ni ya nini? Hiyo hoja iko na nguvu, na njo inafanya ile dosie STAJI iishi.

Lakini iangalieni kwa karibu. Kwanza, kazi ya wakili ni kuandika: barua ya kumuonya mdaiwa, hoja za kortini, mkataba. Barua ya staji njo andiko la kwanza ambalo patro anaona kwa mkono wako, na wewe umemletea andiko la mkono wangu, mimi mtu wa mihogo. Pili, barua zetu hazisomwi pia kwa sababu hazina cha kusoma. Patro amepokea ileile mara nyingi. Akiona msitari wa kwanza anajua wa mwisho. Tumemfundisha sisi wenyewe asisome, halafu tunamlaumu.

Tatu, na hii njo inaniogopesha zaidi: "niko tayari kwa kazi yoyote" ni ahadi, na wako wenye kuitumia. Wote tunajua mastajiere wanaobeba toga na dosie za patro, wanaenda kuomba tarehe ingine kortini, wanatumwa kununua kredi ya simu, na pesa ya transporti inafika siku inapotaka. Ukisema ungependa kujifunza kitu fulani, miezi sita ikipita unaweza kurudi na kusema kwa adabu: Maître, lile jambo tulilozungumza, tutaanza lini? Mwenye aliomba kazi yoyote hana mahali pa kuanzia hilo ombi.

Yule dada alirudi kisha wiki nyingi. Si kwa kunisamehea, nafikiri. Ni juu meza yangu iko karibu na korti. Nilimuomba aketi, sikufungua dosie. Nilimuuliza mambo matatu. Ni kazi gani ya sheria umeisha kuigusa na mikono yako? Mwaka wa kwanza ukiisha unataka ujue kufanya nini? Kwa nini kabine hii, na si ile ya jirani? Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia, kama mtu anayeomba ruhusa, kwamba memoare yake ilikuwa juu ya fidia ya walimaji wakati mashamba yao yanaingia ndani ya eneo la mgodi. Alikuwa ameenda vijijini upande wa Kolwezi, amesoma karatasi ambazo wazee waliweka kidole, zenye kuhesabu miembe na mihogo yao. Wandugu, barua zake zote za mbele hazikuwa na msitari mmoja juu ya hilo!

Hizo karatasi nazijua. Wakati wa kazi yangu ya mwisho nami nilihesabu mihogo katika mashamba kama yale. Mama mmoja aliniuliza kama pesa waliyomuandikia ni ya haki. Niliweza kumwambia shamba lake linatoa kilo ngapi. Sheria inasema nini, sikuweza. Kodi ya madini ya 2002, yenye ilirekebishwa mwaka 2018, inampa mwenye kunyimwa udongo wake haki ya kulipwa fidia inayofaa. Ile ya 2018 iliongeza kwamba kampuni itoe asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa ajili ya miradi ya jamii za pale. Maneno hayo yako ndani ya kitabu. Nani atayasoma pamoja na yule mama? Mtu wa kumsomea alikuwa ameketi mbele yangu, na kwenye karatasi alikuwa amejiita "mwenye bidii".

Tuliandika barua mpya, yeye akisema, mimi nikipiga. Salamu moja juu, salamu moja chini. Katikati alieleza kwamba ameona karatasi nyingi za fidia zisizo na tarehe, kwamba anataka kujifunza kuandika hoja za kortini juu ya karatasi ya namna hiyo, na kwamba amechagua kabine hii kwa sababu alimsikia Maître huyu akizungumza kesi ya ardhi pale kortini, yeye akiwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Sentensi tisa. Ilituchukua karibu saa mbili. Nililipwa faranga 500 zilezile.

Hakupata staji. Kabine ilikuwa na mastajiere wa kutosha. Lakini karatasi ilirudi na alama ya biki nyekundu. Maître alikuwa amekata namba ya ibara ya sheria, na pembeni ameandika kwa mkono: si ibara hii, tafuta vizuri, urudi Januari. Tangu nishike hii meza, ni mara ya kwanza naona barua ya staji yenye ushahidi kwamba mtu ameisoma.

Niwaseme na mapatro kidogo, juu ukosoaji wa upande mmoja si wa haki. Matangazo yao ya staji mumeyaona: wanatafuta kijana mwenye nguvu, mwenye roho ya kikundi, mwenye kuvumilia kazi nzito, anayesema Kiingereza. Saa ngapi kwa siku? Hakuna. Pesa ya transporti iko ao haiko? Hakuna. Nani atamfundisha? Hakuna. Tangazo hilo na barua yetu ni mapacha: kila upande unaficha kile ambacho mwingine anahitaji kujua. Kabine inayotaka kusoma barua za ukweli ianze kuandika tangazo la ukweli.

Kisha mambo haya nilitafuta barua zangu mimi, zile nilizopeleka kwenye mashamba makubwa na mashirika ya kilimo. Nilizipata. Ukubwa wenu, bidii, nidhamu, kazi yoyote. Hakuna udongo, hakuna zao, hakuna ata kilo moja ya muhogo. Mimi ninayemhoji muuza mbegu, nilijiuza bila kusema siku za kukomaa.

Dosie STAJI nimeifuta. Sitawadanganya, imenigharimu: kijana wa meza ya pili anapiga ile ya kawaida kwa dakika tatu, na wateja wengi wamehamia kwake. Kuko siku mfuko mutupu nilitamani kuiandika upya. Maneno yote bado niko nayo kichwani.

Ninyi mulio na barua mkononi wiki hii, jaribuni kitu kimoja mbele ya kuipeleka. Funikeni na kidole jina lenu na jina la patro, mumpe rafiki anayewajua asome. Akishindwa kusema hii ni barua ya nani, irudisheni pa meza.

Na yule dada? Januari bado haijafika. Jana alipita kwangu na kitabu cha sheria chini ya kwapa. Bado anatafuta ile ibara.