Namna ya Kukipima Kiraka cha Rangi ya Gari

Bodaboda akikukwaruzia gari kwenye foleni ya Dar es Salaam, ukajinunulia kikopo cha rangi na kuziba mkwaruzo wa mlango mwenyewe nyumbani, kila anayepita atakuuliza kama rangi imefanana. Mimi hukagua usawa kwanza.

Fumba macho, pitisha ukucha taratibu kutoka rangi ya zamani hadi kwenye kiraka. Ukikwama, kazi bado. Ama rangi imevimba juu ya bodi, ama imebonyea kwa kuwa ilijazwa kwa mkupuo mmoja. Thina ikiruka, rangi hunywea. Kwa hiyo mkono mzuri hupaka tabaka jembamba, huliacha likauke, huongeza jingine mpaka mkwaruzo ujae na kuzidi kidogo, kisha hushusha ile ziada kwa msasa wa maji namba 2000. Kiraka kilichofanywa kwa haraka hujulikana hapo hapo, na hakuna polishi itakayokificha.

Baada ya ukucha, jicho. Usikitazame kiraka kwa mbele. Inama, macho yawe karibu na bodi, ufuatilie kivuli cha ukuta au cha nguzo kinavyojiakisi. Kikipita juu ya kiraka bila kupinda, msasa umefanya kazi yake. Ukungu ukikizunguka kiraka, umepitiliza: vanishi ya juu ya kiwandani ni nyembamba kuliko unywele, na ikiliwa na msasa, jua litamalizia.

Kwenye rangi yenyewe, kuwa na huruma. Toyota nyingi zilizotoka Japani zina kibati chenye namba ya rangi baada ya herufi C/TR. Nyeupe 040 na nyeusi 202 hazina udhuru, zifanane. Rangi ya fedha ina chembe za alumini, nazo brashi huzilaza ovyo tofauti na bunduki ya kiwandani, hivyo kiraka hubadilika kila unapohamia upande mwingine. Nyeupe ya lulu, 070, ndiyo ngumu zaidi, maana ni tabaka la nyeupe, la lulu, kisha vanishi. Tena namba hukupa rangi ya gari jipya, si ya gari lililochomwa na jua miaka kumi. Kagua nje, mchana. Taa za ndani hudanganya.

Ninachokithamini kuliko ulinganifu ni udogo. Kiraka kisizidi mkwaruzo. Aliyetumia ncha ya kijiti cha meno akaishia kwenye jeraha namheshimu kuliko aliyepuliza nusu ya mlango na kuacha vumbi la rangi kwenye mpira wa dirisha. Na pengine rangi haikuhitajika kabisa: mkwaruzo unaopotea ukiulowesha maji umeishia kwenye vanishi, unataka kung'arishwa tu.

Jambo la mwisho halionekani siku ya kwanza. Mkwaruzo uliofika kwenye chuma lazima ukwanguliwe kutu na kupakwa praima kabla ya rangi, hasa huku pwani kwenye hewa ya chumvi. Rudi baada ya masika moja. Ukikuta malengelenge, kazi hiyo ni mbovu hata kama inang'aa: kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, uanze upya.