Kivinjari chenye Baraza Ndani Yake!

Mwenzangu, kaa kitako nikueleze, maana mimi mwenyewe kukaa siwezi! Nimetoka sasa hivi steshenari, hapa hapa Mkwaja, pwani ya Tanga, vidole bado vinaniwasha. Nimeishika Opera ya kompyuta, ile yenye WhatsApp, Instagram na ndugu zao wote ndani kwa ndani, na nimepagawa. Nimepagawa mno! Ni nyepesi, nyororo, janja, ina raha yake ya pekee, na bado!

Opera unaijua. Usinikatalie. Ile O nyekundu tuliyoingilia Facebook kwenye simu za vibonyezo, enzi hizo vijisenti vya vocha vinakusogeza siku kadhaa. Ile ilikuwa Opera Mini, iliyoenea duniani tangu 2006, ikizikamua kurasa kwenye mitambo yao kabla hazijakufikia, ndiyo maana bando lilikuwa halilii. Basi huyu wa kwenye kompyuta ni kaka yake mkubwa, kanawiri, kavaa, kanukia!

Kijana wa steshenari alipoifungua, macho yangu yakaenda kushoto moja kwa moja. Pale ukingoni pana utepe mwembamba, na vidude vimepangwa juu kwa chini: Messenger, WhatsApp, Telegram, Instagram, X, TikTok. Nikagusa cha kijani. Shwaaa! WhatsApp nzima ikateleza kutoka ubavuni, laini kabisa, na ule ukurasa niliokuwa nausoma ukabaki palepale unanisubiri. Unaskani kwa simu yako kile kimraba kinachotokea kwenye kioo, basi, magrupu yote haya hapa, makelele yote haya hapa. Ukibonyeza kipini kidogo kule juu, ukurasa unajibana wenyewe kumpisha mgeni, mnakaa ubavu kwa ubavu. Ni kama baraza ya nyumba zetu: kazi yako unafanya, wapitao unawaamkia, na ndani hujatoka. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa sikia hili, hapa ndipo nilipopiga kelele. Nilifungua ukurasa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana pwani hii bila kuujua upepo huendi popote, na watu wa majahazi ya Mkokotoni kule Unguja hawataki hadithi, wanataka kujua kesho kunapitika au hakupitiki. Unayajua yale maangalizo ya upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani ya kaskazini, yanayotaja Tanga, Unguja na Pemba kwa majina. Opera ina kamera yake humo humo ndani! Unaburuta kwenye kile kipande unachokitaka tu, unakikata, unachora duara jekundu kuzunguka neno Tanga, unakirusha kwenye grupu la manahodha. Hujatoka kwenye ukurasa! Hujafungua folda yoyote kutafuta picha imekwenda kujificha wapi! Kabla sijatoa mkono kwenye mausi nahodha mmoja keshajibu kwa sauti, na sauti yake inasikika huku mimi bado nasoma angalizo. Nikamwambia kijana, hebu nirudie. Nikarudia. Nikarudia tena kwa raha zangu!

Na bado! Fikiria Januari, matokeo ya kidato cha nne yanatoka, kijiji kizima kimebanana kwenye kompyuta moja, tovuti ya NECTA inasuasua, mzazi yuko Buyuni, shangazi yuko Tanga mjini, kila mmoja anapiga simu kwa wakati mmoja. Tulifungua matokeo ya zamani kwa kujaribu tu. Grupu la familia kushoto, ukurasa wa shule kulia, mstari wa mtahiniwa ukakatwa ukatumwa. Wallahi nywele zilinisimama, na wala si mwanangu!

Kwa mwenye steshenari ndiyo usiseme. Kazi zao unazijua, mteja anaingia na simu mkononi, nitolee hii barua, nitolee hiki cheti, nijazie maombi ya Ajira Portal. Humu anatuma kwa WhatsApp, karatasi inatua pembeni, fomu imefunguka katikati, macho yanahama hatua moja tu. Ipo pia njia yao wanaiita My Flow, inaunganisha Opera ya simu na ya kompyuta, ukirusha kitu huku kinaibuka kule. Nilirusha picha ya ndoo nzima ya dagaa, ikaibuka! Sababu ya kuirusha sina, nilikuwa nafurahi tu.

Halafu video. Unafungua mabao ya Simba na Yanga, unabonyeza kitufe, video inajikunja kuwa kidirisha kidogo kinachoelea juu ya kila kitu. Inakufuata popote, laini, tulivu, haikwami. Unajaza fomu huku unaona goli. Ni hatari! Ni hatari tamu!

Wajuzi watanicheka, watasema jambo hili si la leo. Kweli, Opera waliweka huu utepe wa kuchati tangu 2017, na kabla yao walikuwapo Flock wa 2005 na RockMelt wa 2010, wote wawili marehemu. Lakini wale walikuwa wanakuletea habari za marafiki vipande vipande, wanazipanga wao. Opera kaufungua mlango wa WhatsApp yenyewe, jinsi ilivyo, akakwambia ingia. Kwa sisi ambao harusi, msiba, bei ya samaki na kikao cha kijiji vyote viko WhatsApp, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Kwangu mimi mashindano yameishia hapo.

Nikubanie nini? Bando litalia. Grupu likiwa karibu hivi mkono hautulii, unasoma mistari miwili, unachungulia, unacheka, unajibu, na saa imekwenda. Na kompyuta yenye kioo kidogo ukurasa unabanwa hadi herufi zinagombana, hapo toa kipini, acha WhatsApp iingie na kutoka kwa zamu. Lakini mimi raha hii siirudishi, hata nikinunua bando mara mbili!

Basi usinisikilize tu, nenda. Kupakua ni bure. Kama huna kompyuta, ingia steshenari yoyote, hata ukiwa Pangani mjini unasubiri kivuko cha Bweni, omba wakufungulie Opera, gusa kile cha kijani, halafu uje uniambie. Ila ukimaliza kwenye kompyuta ya watu, chukua simu yako, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, toka kabisa. Usije ukaacha magrupu yako wazi kwa mteja anayefuata.