Filimu mbili za Nosferatu, na hostia iliyofagiliwa



Jumamosi moja jioni tulitundika shuka nyeupe ukutani, katika chumba cha kulia cha seminari, tukatazama filimu mbili mfululizo. Zote mbili ni za Ujerumani, zote mbili zinaitwa Nosferatu, na zote mbili zinasimulia habari ileile ya mfu atokaye kaburini usiku ili kunyonya damu ya watu. Ya kwanza ni ya F. W. Murnau, ya mwaka 1922. Ya pili ni ya Werner Herzog, aliyeirudia habari hiyo mwaka 1979.

Labda mtu ataniuliza: Padri, kwa nini kuwaonyesha waseminari mambo ya kuogofya namna hii? Jibu langu ni fupi. Parokia watakazotumwa zimejaa habari za walozi na za wafu watembeao usiku. Afadhali wajifunze kupima habari za namna hiyo wakiwa pamoja nasi, kuliko kukutana nazo peke yao siku ya kwanza ya kazi.

Habari yenyewe ilitoka katika kitabu cha Bram Stoker kiitwacho Dracula, cha mwaka 1897. Watu wa filimu ya 1922 hawakumwomba mjane wa Stoker ruhusa. Walibadili majina tu, Dracula akawa Orlok. Mjane alishitaki, akashinda, na nakala za filimu zikaamriwa kuharibiwa. Lakini nakala nyingine ziliokoka, ndiyo maana tunaitazama hata leo.

Mambo yanakwenda hivi. Kijana mmoja anatumwa mpaka milima ya Karpati, amwuzie bwana mmoja wa ngome nyumba katika mji wa bandari. Bwana huyo ndiye vampiri. Anakuja kwa merikebu pamoja na masanduku ya udongo na panya. Mabaharia wanakufa mmoja mmoja, na tauni inaingia mjini. Basi mke wa yule kijana anasoma katika kitabu kwamba vampiri hashindwi ila na mwanamke mwenye moyo safi, atakayejitoa kwa hiari na kumzuia kando yake mpaka jogoo awike.

1. Filimu ya Murnau

Filimu hii haina sauti. Maneno yameandikwa katikati ya picha. Mwanzoni waseminari walicheka, kwa sababu gari la farasi linakwenda mbio mno, kama kitu cha kuchezea watoto. Baadaye kicheko kiliisha. Waliona merikebu ikiingia bandarini bila mtu wa kuiongoza. Waliona kivuli cha Orlok kikipanda ngazi, na vidole vyake virefu vikitangulia. Murnau hakujifungia ndani ya nyumba ya kupigia picha. Alikwenda katika miji na milima ya kweli. Kwa hiyo uovu wake si ndoto. Unapita barabarani, mbele ya milango ya watu.

Lakini picha iliyonigusa kuliko zote haina vampiri ndani yake. Ellen, yule mke, anatazama dirishani. Chini njiani watu wamevaa nguo nyeusi, wanachukua masanduku ya maiti, sanduku nyuma ya sanduku. Hakuna anayemwamuru, hakuna anayemsihi. Yeye ameona tu jinsi wenzake wanavyokufa, na anajua yaliyoandikwa katika kitabu. Usiku anafungua dirisha mwenyewe. Jogoo anawika, jua linaingia, Orlok anatoweka kama moshi. Ellen anamkumbatia mume wake, kisha anakufa. Na tauni inakoma. Hakuna padri katika jambo hili, wala maji ya baraka. Hata hivyo mkristu yeyote anaelewa kilichotendeka.

2. Filimu ya Herzog

Herzog alimheshimu sana Murnau, na picha nyingi amezirudia karibu vilevile. Lakini sasa kuna rangi, sauti na muziki. Vampiri wake, Klaus Kinski, ni mtu wa huzuni: analalamika kwamba hawezi kufa, na kwamba kukosa upendo kunamwumiza kuliko yote. Tena kuna picha moja ambayo Murnau hakuwa nayo. Katika uwanja wa mji, watu waliokwisha kushikwa na tauni wameandaa meza na wanakula vizuri, huku panya wakijaa miguuni pao. Mke, ambaye hapa anaitwa Lucy, anapita katikati yao. Hata daktari Van Helsing hamsadiki. Anataka kwanza uchunguzi wa elimu. Atabaki peke yake.

Kisha tunafika mahali palipotusimamisha. Mume wa Lucy ameketi kitini, mgonjwa, na ulozi wa vampiri umekwisha kumwingia. Lucy anachukua hostia takatifu, anaivunjavunja, na kumwaga vipande sakafuni kuzunguka kiti, ili mume asiweze kutoka. Hapo waseminari kadhaa walipiga makofi.

Makofi hayo yaliniumiza kuliko filimu yenyewe. Walifurahi kwa sababu waliona dawa yetu ina nguvu kupita dawa za wengine. Lakini ngojeni mwisho. Lucy anajitoa kama Ellen, kwa moyo uleule. Vampiri anakufa kwa mwanga wa asubuhi. Halafu mume, ambaye sasa yeye mwenyewe ni vampiri, anamwambia mtumishi wa nyumba afagie sakafu. Mtumishi anafagia. Mume anapanda farasi na kwenda zake juu ya mchanga, huku tukisikia Sanctus ya Gounod.

Chumba kilinyamaza. Mseminari mmoja akauliza: Padri, hostia imeshindwa na ufagio?

3. Hukumu yetu

Ndugu yule aliuliza vema. Katika filimu hii nguvu ya hostia ni kama nguvu ya ukuta: haimtaki mtu asadiki wala apende, inataka tu ibaki mahali pake. Basi anayeiondoa mahali pake ameishinda. Kosa hili si la Herzog peke yake. Katika kitabu cha Stoker pia hostia inatumiwa namna hiyo. Sisi tunafundisha kwamba sakramenti zinatenda ex opere operato, yaani kwa kazi ya Kristu mwenyewe. Lakini Kristu aliutoa Mwili wake uliwe na watu, hakuutoa uwe ua wa kufungia mgonjwa. Herzog, kwa kujua au bila kujua, ametuonyesha njia hiyo inaishia wapi.

Mseminari mwingine alinipinga: Na yale maneno ya kitabu katika filimu ya Murnau, si dawa vilevile? Nilijibu kwamba hapana. Dawa hununuliwa, hutumwa kwa mtoto, huwekwa juu ya mlango na mwenyewe akalala. Alilolifanya Ellen, hakuna awezaye kulifanya kwa ajili yake.

Juu ya mwisho wa Herzog, nasema wazi kwamba siupendi. Ni kweli kwamba uovu haumaliziki kwa usiku mmoja, na Sanctus ile inatuchoma kama inavyopaswa. Lakini mwanamke aliyeitoa nafsi yake yote hakumwokoa hata mtu mmoja wa nyumba yake. Hofu ya Murnau ina mlango, ingawa ni mwembamba na wa gharama kubwa. Hofu ya Herzog haina mlango. Na mtu aliyefundishwa kwamba kujitoa ni bure, kesho atarudi kwa mganga.

Najua ninalolisema. Katika mwaka wangu wa kwanza wa upadri, mama mmoja alikuja kuomba maji ya baraka kwa nyumba yake, akiogopa kwamba imelogwa. Nilimpa chupa, nikarudi kazini. Baada ya majuma mawili alirudi kuomba mengine: maji yalikwisha, hofu ilibaki. Sikuwa nimeketi naye hata robo saa. Nilimpa kitu kitakatifu ili nisijitoe mwenyewe.

Basi, mapadri na makatekista watakaopenda kuonyesha filimu hizi, wawaonyeshe watu wazima, si watoto. Waanze na ile ya Murnau. Wasiizime ile ya Herzog kabla ya ufagio. Na baadaye wakae na watu, hata kama usiku umekwenda, kwa maana maswali yatakuja, na hayajibiwi kwa chupa.